Matundu ya Kupumulia

Kiyoyozi kilikata roho Jumanne saa nane mchana, saa ambayo mwezi wa Juni hata mbwa wa Yuma, mji wa jangwani, hawabweki. Hakikulipuka wala kutoa moshi. Kilikohoa mara mbili ndani ya kabati lake, kikatema maji kidogo juu ya zulia, kikanyamaza.

Oleta Haskew alikuwa akikunja taulo. Alibaki na moja mkononi, akisikiliza. Katika tela la kuishi lenye urefu wa hatua sita na upana wa hatua mbili na nusu, kimya cha kiyoyozi ni kama mtu aliyetoka nje bila kuaga.

"Kimekufa," alisema mumewe Delmar, bila kuinuka kitandani.

"Labda kimechoka tu."

"Mama, anayechoka ni mimi. Hicho kimekufa."

Fundi aliyeitwa kwa simu alifika kesho yake asubuhi akiwa na miwani ya jua ambayo hakuivua hata alipoingia ndani. Alipiga goti mbele ya kabati la pembeni, akamulika kwa tochi, akacheka puani.

"Hiki ni cha kujengewa ndani. Waliokitengeneza nadhani wameshazikwa. Siku hizi viyoyozi vya tela vinakaa juu ya paa."

"Basi weka juu ya paa," alisema Delmar.

Fundi alinyoosha mkono, akagonga dari kwa kidole kimoja, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa aliyekwisha kata tamaa naye. "Paa hili, mzee? Halibebi hata njiwa." Kisha akataja gharama ya kuliimarisha paa, na ya mashine, na ya waya mpya. Alipomaliza kutaja aliongeza kwa upole, "Kwa heshima zote, tela lenyewe haliuziki bei hiyo."

Akatoza ada ya kufika, maana ni kweli alikuwa amefika.

Delmar alimtazama akiondoka mpaka vumbi la gari lake likatua. Kwa miaka thelathini na minane Delmar alikuwa fundi wa kuziba nyumba. Alijaza pamba ya kioo ndani ya kuta, akapuliza povu kwenye nyufa, akapaka silikoni kuzunguka madirisha ya watu wenye pesa ili joto la nje libaki nje na ubaridi wa ndani ubaki ndani. Kulikuwa na mitaa mizima ambayo alipopita na gari lake kuukuu humwambia Oleta, "Ile pale haipitishi hata umbea."

"Nitaweka mwenyewe," alisema. "Tundu lipo. Natafuta kinachoingia kwenye tundu. Basi."

"Jolynn anakuja Jumapili," alisema Oleta.

"Najua Jolynn anakuja Jumapili."

Kiangazi kilichopita Delmar alianguka kwa joto, akalazwa siku tatu, na binti yao Jolynn aliendesha gari kutoka Tucson huku akilia njia nzima. Alipofika alikuwa ameshamaliza kulia, akaanza kupanga. Baba ana nafasi katika nyumba ya wazee waliotumikia jeshi. Jina lake limeshaandikwa. Mama atakuja kukaa kwangu, chumba cha kushonea kinatosha kitanda kimoja. Ni umbali wa dakika arobaini tu, Mama, utakuwa unamtembelea Jumamosi. Walimwomba awape mwaka mmoja. Akawapa, kwa sharti: siku atakayoingia ndani ya tela hilo akute joto, siku hiyo hiyo wanafunga mizigo.

Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka arobaini na sita. Oleta hakujua mtu hulalaje chumba cha kushonea.

*

Walinunua kiyoyozi cha dirishani kwenye duka kubwa la vifaa, kile kidogo kabisa, na Delmar alikuwa bado hajakishusha garini pale kigari cha gofu kilipokuja taratibu na kusimama. Ndani yake alikaa Bi Twyla Brubaker, msimamizi wa kambi ya matela walimoishi, na kifeni cha betri kimening'inia shingoni mwake kama medali.

"Hamjambo wapendwa? Pole na joto. Hicho si cha dirishani hicho?"

"Hakikai dirishani," alisema Delmar. "Kinaingia kabatini, palepale kilipokuwa kile cha zamani."

"Afadhali. Maana kanuni ya kumi na nne mnaijua. Kisichomoze chochote upande wa barabara." Alinyoosha kidole kwenye ukuta wa tela, mahali palipokuwa na matundu marefu membamba, yamepangwa kama mashavu ya samaki. "Na hayo pia. Yalivumiliwa kwa sababu yalikuja na mashine yake. Mashine mpya ni habari mpya. Ukuta uwe safi."

"Twyla," alisema Oleta, "kambi nzima tumebaki watu tisa. Nani atayaona?"

Ilikuwa kweli. Wastaafu kutoka kaskazini, wale wenye matela yanayong'aa kama meno ya bandia, walikuwa wameondoka tangu Aprili kufuata ubaridi, na hawangerudi mpaka Novemba. Kiangazi walibaki wale tu ambao hawakuwa na pa kwenda.

"Sio kwamba mimi nina shida nayo, mpendwa. Mimi nawatetea sana. Lakini nikiachia moja, kesho mtu ananing'iniza sufuria." Akawasha kigari. "Joto likizidi njooni mpumzike ukumbini."

"Ukumbi si umefungwa?"

"Kiangazi tunaufunga, ndiyo. Watu hawaji." Akaondoka, kifeni kikivuma.

Delmar aliyatazama yale matundu ya mashavu ya samaki. Oleta alimwona anafurahi, na hilo likamtia wasiwasi kuliko hasira.

"Anataka ukuta safi," alisema mzee. "Atapata ukuta safi mpaka ajitazame ndani yake."

*

Alifanya kazi siku nzima ya Alhamisi. Oleta alimshikia tochi, akamfuta jasho, akamlazimisha kunywa maji kila nusu saa kama mtoto. Mikono ya Delmar ilitetemeka alipoinua kikombe, lakini ilipogusa kazi ilitulia, kama farasi mzee anayeijua njia ya zizini. Aliisukuma mashine ndani ya kabati, uso wake ukatazama kitanda na mgongo wake ukatazama uzio wa nyuma, ambako alikata dirisha dogo la kutolea hewa ya moto. Nafasi iliyobaki pembeni na juu aliijaza povu la kopo, lile linalovimba na kuwa gumu kama mkate uliokauka. Juu ya povu akapaka silikoni, akailainisha kwa kidole kilicholoweshwa mate. Mwisho akafunika yale matundu ya barabarani kwa kipande cha bati, skrubu nne, rangi nyeupe.

Ilikuwa kazi nzuri. Oleta alipitisha ukucha wake kwenye viungo na hakuona pa kuingilia.

"Chungua hapo," alisema Delmar.

"Hapa hata sisimizi atarudi kwao."

Akawasha. Ubaridi ukaja, mwembamba, mtamu. Walikaa ukingoni mwa kitanda bega kwa bega, nyuso zimeelekea mashine, kama watu walio kwenye sinema. Delmar akacheka. Oleta akafungua vifungo viwili vya blauzi.

Dakika ya kumi na tano hewa ikawa vuguvugu. Dakika ya ishirini mashine ikanguruma, ikazima yenyewe.

Walisubiri, wakawasha tena. Ikaanza vizuri, ikaishia vilevile. Mara ya nne haikufika hata dakika kumi, na kabati lilikuwa la moto kwa nje kama ubavu wa oveni.

"Mbovu," alisema Delmar. "Wameniuzia mbovu. Wameona mzee."

*

Ijumaa walirudi dukani. Kaunta ya kurudishia bidhaa ilikuwa na foleni, na nyuma yake msichana mwenye kucha za kijani aliyeita kila mtu rafiki.

"Tatizo lake nini, rafiki?"

"Kinakata ubaridi."

"Ulisoma kitabu cha maelekezo?"

Delmar aliegemea kaunta. "Binti, mimi nilianza kazi hizi kabla babako hajaota ndevu."

"Sawa, rafiki. Pembeni kina nafasi? Maana watu wengi wanaleta, kumbe wamekibana."

"Hakikubanwa. Kimefungwa kitaalamu."

Watu wa nyuma kwenye foleni walianza kutazama dari. Msichana akagonga kompyuta yake, akasema watapewa kingine, mara hii tu, akaandika neno kwenye risiti ambalo Delmar hakuliona na Oleta aliliona: *mteja mkaidi*.

Hawakuondoka mara moja. Duka lilikuwa na ubaridi kama pango. Walisukuma toroli lenye boksi lao kupita kwenye majokofu, wakapita kwenye vigae, wakasimama muda mrefu mbele ya mashine za kukatia majani, wao ambao hawakuwa na jani hata moja. Mfanyakazi mmoja akawauliza kama wanahitaji msaada. Delmar akamwuliza maswali matano kuhusu mashine ya dola elfu nne, akatikisa kichwa, akasema atafikiria. Baada ya saa mbili yule mfanyakazi akaja tena, na safari hii hakuuliza kama wanahitaji msaada. Aliuliza kama wameshalipa.

Garini, wakati Delmar akifunga boksi kwa kamba, Oleta alikisoma kile kitabu. Ukurasa wa sita ulikuwa na picha mbili. Ya kwanza ilionyesha mashine ikiwa na mishale inayoingia ubavuni na kutokea mgongoni. Ya pili ilionyesha ubavu umezibwa, na juu yake msalaba mwekundu.

Oleta alifanya kazi ya kufua shuka za hospitali miaka ishirini na miwili. Aliwahi kuona mashine ya kukaushia ikiwaka moto kwa sababu mtu aliegemeza kabati kwenye bomba lake la hewa. Hakuhitaji kusoma maneno. Mumewe alikipa kiyoyozi mdomo wa kutolea pumzi, akakiziba pua.

"Delmar. Humu wamesema ubavuni pasizibwe."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Kitabu kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi." Akawasha gari. Halafu, walipofika kwenye taa nyekundu, akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Kuziba ndiyo kazi niliyoijua, mama. Nyingine sijui."

Oleta akakikunja kitabu, akakitia mkobani.

*

Jumamosi asubuhi Delmar aliweka mashine ya pili, akaiziba kwa makopo mawili ya povu badala ya moja. Ilipofika saa sita ilikuwa imeshazima mara tatu. Hakutukana. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, uso umekuwa na rangi ya majivu, na midomo yake ikakosea maneno. Aliomba maji akasema "misumari."

Oleta alimnyanyua kwa makwapa, akamkokota hatua baada ya hatua hadi nyumba ya kuogea ya kambi, ambayo ilikuwa na sakafu ya saruji na kivuli. Akamlaza, akamwagia maji ya bomba, akamfunika taulo lililolowa. Akakaa naye akimnywesha kidogo kidogo mpaka macho yalipotulia.

"Nikuitie gari la wagonjwa?"

"Ukiliita hilo umemwita Jolynn."

"Nikikuacha hapa nusu saa utakufa?"

"Nusu saa siahidi. Dakika ishirini naweza."

Utani wake ulikuwa umerudi. Oleta akaamini na damu imerudi. Alimwekea ndoo ya maji karibu na mkono, akatoka.

Hakuwa na zana za mumewe, na hakutaka kuzigusa. Mwanamume akikuta bisibisi yake imehamishwa huuliza. Alichukua kisu cha mkate. Akafungua kabati kwa ndani, akalala ubavu juu ya zulia, akaanza kukata. Povu lililia chini ya meno ya kisu. Lilitoka kwa mabonge, kwa vipande, kwa unga uliomwingia puani na kwenye nywele. Kila kipande alichokitoa kilikuwa kimekaa sawasawa mahali pake, hakuna tundu, hakuna pengo. Alikuwa akikata kazi safi kuliko zote alizowahi kumwona akifanya, na aliikata huku akimwomba msamaha kwa sauti, kama mtu anayenyoa maiti.

Nje, upande wa barabara, alifungua skrubu tatu za bati kwa ncha ya kisu hichohicho na kuilegeza ya nne. Kulitoa bati lote hakuthubutu, kwa sababu ya Twyla. Alilivuta kwa chini likaachana na ukuta kiasi cha vidole vitatu, akalizuia lisirudi kwa vibanio viwili vya nguo. Ukitazama kutoka barabarani, ukuta ulikuwa safi. Aliweka kiganja kwenye ule mwanya, akaiambia mashine iliyokuwa ndani, "Haya, vuta."

Alipomrudisha mzee saa kumi, ndani palikuwa baridi. Delmar alisimama mlangoni akiwa amejifunika taulo kama mtakatifu kwenye picha.

"Imetulia," alisema.

"Imetulia."

"Ilitaka kupumzishwa tu. Mashine mpya zina kiburi." Akalala, akavuta shuka mpaka kifuani. Oleta alikuwa hajamwona akivuta shuka tangu Mei. "Nilikwambia ile ya kwanza ilikuwa mbovu."

"Uliniambia," alisema Oleta, akageukia sinki kujitoa povu kwenye nywele.

*

Jolynn alifika Jumapili saa saba na bahasha ya kahawia, yenye fomu za nyumba ya wazee, chini ya kwapa. Alifungua mlango akiwa ameshakunja uso tayari, na ubaridi ukampiga usoni, ikabidi aukunjue.

"Nani amefunga hiki?"

"Nani mwingine?" alisema Delmar. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la mistari. "Njoo nje nikuonyeshe. Uone kazi."

"Chakula kinapoa," alisema Oleta.

"Kipoe. Si tuna kiyoyozi?"

Akatangulia. Jolynn akafuata na bahasha yake. Oleta akafuata mikono imeshika aproni, akilitazama jua kana kwamba lingeweza kumsaidia.

Delmar aliwaonyesha dirisha dogo la nyuma, kwanza, na jinsi alivyolinyoosha kingo. Kisha akazunguka upande wa barabara, mkono umeshatangulia kuonyesha. "Na hapa, ili yule mama wa kanuni asipate la kusema, nikafunika—"

Bati lilikuwa limeachama. Chini yake vibanio viwili vya nguo, kimoja cha bluu, kimoja cha njano, vimesimama kama walinzi wa benki. Kwenye changarawe palikuwa na vipande vya povu ambavyo Oleta hakuviona wakati wa kuokota.

Mzee aliinama. Akaingiza kidole kwenye mwanya, akapapasa ndani, mahali ambapo palipaswa kuwa pamejaa. Uzi uliolegea kwenye ukingo wa mkono wa shati lake ulivutwa ndani na hewa, ukanyooka, ukacheza.

"Baba," alisema Jolynn polepole, kwa sauti ile anayotumia mtu anapozungumza na wagonjwa, "hivi vibanio vya nguo ni vya nini?"

Oleta alifungua mdomo. Akiyasema yeye, Delmar amekuwa mzee asiyejua kinachofanyika kwenye ukuta wake mwenyewe. Asiposema, ni vilevile. Akaitazama bahasha.

"Hivyo?" Delmar alijinyoosha, mkono kiunoni. "Vya kupumulia. Mashine lazima ivute hewa ubavuni. Ukiiziba inajipika yenyewe. Hata mtoto mdogo analijua hilo."

"Lakini vibanio, Baba?"

"Vya muda. Kesho naweka bawaba. Twyla akipita tunafunga, akishapita tunafungua." Akamgeukia mkewe, macho makavu kabisa. "Si ndiyo tulivyokubaliana, mama?"

Oleta, ambaye ndani ya pumzi moja alikuwa ameitwa mtoto mdogo na kuokolewa nyumba yake, alijibu, "Ndiyo. Nilimwambia bawaba ndiyo itafaa."

Jolynn alicheka. Hawakuwa wamemsikia akicheka kwenye uwanja ule. Alikula vipande viwili vya kuku, akalalamika kwamba anasikia baridi, akaazima sweta la mama yake. Alipoondoka alisema atapiga simu Jumatano, na bahasha akaondoka nayo kama alivyokuja nayo.

Gari lake lilipopotea, Delmar aliokota vipande vya povu kwenye changarawe, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa shati.

"Umekata vibaya," alisema.

"Nilikuwa na kisu cha mkate."

"Ndiyo maana."

Wakaingia ndani.

*

Bawaba ilidumu viangazi viwili. Twyla alipita kila asubuhi saa tatu, na kila asubuhi saa tatu kasorobo mmoja wao alitoka nje na kulifunga bati. Tela likajaa joto kwa robo saa, wakavumilia, wakalifungua tena. Mwaka wa pili kambi iliwapa cheti cha ukuta safi.

Delmar alifariki mwezi wa Januari, alfajiri moja ya baridi ambayo hakuna aliyehitaji kiyoyozi, kitandani mwake, upande wa ukutani, na mkono wa Oleta chini ya shingo yake. Ukumbi ulifunguliwa kwa ajili ya msiba, maana ulikuwa msimu, watu walikuwapo. Walijaa wale wenye matela yanayong'aa, kila mmoja na bakuli lake la chakula, na Jolynn akawasimulia, machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka, jinsi babake akiwa na miaka sabini na minane alivyowashinda mafundi na duka zima.

"Wote walikwama," alisema. "Yeye akaona mara moja. Siri ilikuwa ubavuni, mashine ilitaka kuvuta hewa. Akasema hata mtoto analijua hilo!"

Bwana mmoja kutoka Minnesota, aliyekuwa na shida ya namna hiyo kwenye tela lake, alisogea mpaka alipokuwa Oleta na birika la kahawa.

"Ni kweli alifikiria yote yale mwenyewe, Bi Haskew?"

"Mwenyewe," alisema Oleta, akamjazia kikombe.